Jina la Mti si Dawa

Kiswahili kililipambanua jambo hili zamani, kabla wataalamu hawajaliwekea mizani. Mtu anayeugua tumbo haanzi kwa kutaja jina la ugonjwa, hutaja mwendo. Husema tumbo linaendesha, tumbo limefunga, tumbo linasokota, tumbo linanguruma. Mwenye tumbo la kuendesha, chakula chake kimepita mbio kuliko inavyotakiwa. Aliyefunga choo, kwake kimesimama njiani. Ndiyo maana dawa za tumbo, tangu enzi za wahenga, zimekuwa za namna mbili kubwa: zile za kusukuma na zile za kutuliza. Anayezichanganya namna hizo mbili huweza kufanya ubaya kuliko yule ambaye hakutoa dawa kabisa.

Napenda nimsimulie msomaji, kwa kadiri ya uwezo wangu, jinsi binadamu walivyokuja kufahamu kwamba majani, mizizi na mbegu hubadili mwendo wa utumbo. Ni historia ndefu, na jambo la ajabu ni kwamba karibu kila hatua yake imepita ndani ya tumbo la mnyama. Ng'ombe, panya, simbilisi, nungunungu na sokwe, wote wamechangia. Wengine walichangia kwa hiari yao, wengine hawakuulizwa.

Mimi ni mtu wa Galula. Kwa asiyepafahamu, Galula iko kwenye njia itokayo Mbalizi kwenda Mkwajuni, katika bonde la Mto Songwe. Nazungumzia Songwe inayomwaga maji yake Ziwa Rukwa, wala si ile nyingine ya mpakani na Malawi iendayo Ziwa Nyasa. Zamani tulihesabiwa katika mkoa wa Mbeya. Sasa tumo katika mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Ni nchi ya joto na vumbi, yenye misheni kongwe ya Wakatoliki na mifugo mingi. Mbarika huota penyewe kwenye mahame na kando ya mazizi, hata mtu aweza kudhani kwamba ni magugu tu. Mipera nayo haihitaji kupandwa. Ndege na watoto huipanda.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitengeneza mafuta ya mbarika. Alikaanga mbegu, akazitwanga, kisha akazichemsha kwa maji mengi mpaka mafuta yakaelea juu. Aliyaengua kidogo kidogo, akayarudisha motoni katika chungu kingine hadi maji yote yakaukie. Mafuta hayo yalikuwa ya ngozi, ya nywele, na ya tumbo lililofunga. Sisi wajukuu tuliyachukia kwa sababu ya harufu na kwa sababu ya kazi yake. Lakini kilichonishangaza utotoni hakikuwa mafuta, kilikuwa mashudu. Bibi alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Mashudu ya karanga aliwapa kuku, pumba alimpa nguruwe. Mashudu ya mbarika aliyachimbia shimo, akafukia, akaweka jiwe juu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mjukuu wangu, mafuta ni dawa, ndugu yake ni muuaji." Hakuongeza neno.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiyafuati mafuta. Hubaki katika mashudu, na moto wa kutosha huiharibu. Mbuzi akila mashudu mabichi huweza kufa. Kwa hiyo katika mbegu moja mna kitu cha kuponya na kitu cha kuua, na kinachovitenga ni mikono ya mwenye kujua. Angalia sasa: mtu akikwambia "mbarika ni dawa ya choo", amekupa nusu ya habari, na hiyo nusu ni ya hatari. Bibi yangu hakuwa na jina la risini, lakini alikuwa na habari nzima.

Mwalimu wangu wa pili katika mambo haya alikuwa mzee mmoja wa Kisukuma, miongoni mwa wafugaji waliohamia bonde la Rukwa pamoja na makundi yao ya ng'ombe. Ng'ombe akiacha kula, mzee huyo hakukimbilia mizizi. Kwanza alimwendea mnyama upande wa kushoto, nyuma ya mbavu, pale penye shimo dogo mbele ya nyonga, akaweka ngumi na kutulia. Kisha aliweka sikio. Alikuwa akisikiliza tumbo kubwa la ng'ombe likijikunja na kujikunjua. Katika ng'ombe mwenye afya ngurumo hiyo husikika mara moja au mbili kwa kila dakika, na mganga yeyote wa mifugo aliyesoma chuoni huanza kwa kufanya vivyo hivyo. Mzee hakuwa na saa. Alihesabu kwa pumzi zake mwenyewe.

Baada ya kusikiliza, aliuliza. Amekunya lini? Kinyesi kilikuwaje? Amekunywa maji? Ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, au ni mlegevu? Aliyevimba kwa povu la majani mabichi alimnywesha mafuta, na hilo lina maana yake, kwa kuwa mafuta huvunja povu na hewa ikapata njia ya kutoka. Aliyesimama tumbo bila kuvimba alimpa kitu kingine. Siku moja jirani alimletea ndama anayeharisha damu, akaomba dawa ya kumfunga. Mzee alikataa. Alisema, "Mwizi akiwa ndani hufungi mlango. Mtoe kwanza." Alimpa ndama maji yenye chumvi kidogo, akampa tena, na tena, akamwacha aendelee kutoa kilichomo. Sikumwelewa siku ile. Leo madaktari wa binadamu hufundishwa neno hilohilo: mgonjwa anayehara damu na kuwa na homa hapewi dawa ya kusimamisha utumbo, kwa maana vijidudu hufungiwa ndani pamoja naye, na mtoto mdogo anayehara, jambo la kwanza ni kumrudishia maji na chumvi alizopoteza.

Basi wakati wazee wetu walipokuwa wakisikiliza kwa sikio, kwingineko duniani watu walikuwa wakitafuta namna ya kuuona mwendo huo kwa macho. Mwaka 1899, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walichapisha uchunguzi wao juu ya utumbo wa mbwa. Waliona kwamba ukiubana utumbo mahali pamoja, sehemu ya juu ya pale hujikunja na sehemu ya chini hulegea, na kwa njia hiyo kilichomo husukumwa mbele. Utumbo uliendelea kufanya hivyo hata baada ya kukatiwa mishipa ya fahamu itokayo nje. Maana yake ni kwamba utumbo una akili yake ndani ya ukuta wake wenyewe. Haungoji amri ya kichwa. Nadhani kila aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani au hukumu ya kesi anajua kwamba tumbo lina mambo yake.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1904, Mjerumani Rudolf Magnus alikwenda mbali zaidi. Alikata kipande cha utumbo wa mnyama aliyekwisha kufa, akakitundika ndani ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa kipimo cha damu, akapitisha hewa. Kipande kile hakikujua kwamba mwenyewe amekufa. Kiliendelea kujikunja na kujikunjua. Akakifunga uzi, na uzi akaufunga kwenye kijiti kilichochora mstari juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Utumbo ukaanza kuandika. Ukitia dawa ya kuuchochea, mstari hupanda. Ukitia ya kuutuliza, mstari hulala. Tangu siku hizo, ikiwa mtu anadai kwamba mti fulani unasukuma au kutuliza tumbo, kuna mahali pa kuupeleka ukajieleze.

Kwa kazi hiyo mnyama aliyependelewa sana amekuwa simbilisi. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa. Ni yule mnyama mdogo asiye na mkia anayefugwa jikoni, anayepiga mluzi akisikia majani yanaletwa. Utumbo wake mwembamba ni mwepesi wa kujibu, nao umetundikwa katika maabara za dunia nzima. Kwa panya hutumika njia nyingine. Hupewa dawa, kisha hulishwa uji wenye unga wa makaa, na baada ya muda, aghalabu dakika 20 au 30, huuawa na kupimwa. Weusi wa makaa umefika wapi? Ukiwa umekwenda mbali kuliko kwa panya asiyepewa dawa, dawa ile inasukuma. Ukiwa umebaki karibu, inatuliza. Ni kipimo rahisi kiasi kwamba hata bibi yangu angekielewa, ingawa nafikiri angeuliza kama panya wale waliliwa au walitupwa bure.

Tuuchukue mpera. Mti huu asili yake ni Amerika, lakini umezoea kwetu kiasi kwamba hakuna anayeuita mgeni. Majani yake machanga huchemshwa na kunywewa na mwenye kuhara, hapa kwetu, Afrika Magharibi, Meksiko na Asia. Mwaka 1989 mtafiti Lutterodt alichapisha majaribio aliyofanya kwa dawa ya majani hayo juu ya utumbo wa simbilisi. Kwa kawaida neva za utumbo hutoa kitu kiitwacho asetilikolini, nacho ndicho huiamuru misuli ijikunje. Alieleza kwamba kitu kimoja kilichomo katika majani ya mpera, kwersetini, huzuia kutolewa kwa asetilikolini hiyo. Misuli haipati amri, hivyo hutulia. Kwa lugha ya mzee wangu wa ng'ombe, jani la mpera hufunga mlango. Ni dawa kweli, ila yategemea kama mwizi bado yumo.

Upande wa pili uko mbarika. Mafuta yake yameandikwa tangu Misri ya kale, katika hati ya Ebers ya yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Hesabu mwenyewe msomaji: ni zaidi ya miaka 3,500 ya watu kunywa kitu na kukimbilia chooni bila kujua sababu. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba mafuta hayo huuwasha tu utumbo kama pilipili. Jibu lilipatikana mwaka 2012, kwa panya, katika taasisi ya Max Planck iliyoko Bad Nauheim, Ujerumani. Ndani ya utumbo mafuta ya mbarika huvunjwa, ikatoka asidi iitwayo risinoleiki. Watafiti waligundua kwamba asidi hiyo hushika kipokezi maalumu katika misuli, kiitwacho EP3, ambacho kwa kawaida ni mlango wa prostaglandini, vitu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho walipewa mafuta, na utumbo wao haukushtuka. Zaidi ya hayo, kipokezi hichohicho kiligunduliwa kuwa ndicho kinachoufanya mji wa mimba ujikunje mafuta yakinywewa.

Hilo la mwisho lilinikumbusha jambo. Bibi yangu hakumpa mwanamke mjamzito mafuta ya mbarika, isipokuwa wakunga wenyewe waliyaomba mimba ilipokwisha kutimiza siku zake. Sisi tulidhani ni mwiko tu, kama ule wa kutokula mayai. Kumbe kulikuwa na mlango mmoja wenye vyumba viwili, na mwenye ufunguo alijua kwamba hawezi kufungua kimoja bila kutikisa kingine.

Mpaka hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba nguvu ya mti siku zote ni kitu kilichoyeyuka ndani yake, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kukitoa, kukipima na kukipa jina. Nami nilifikiri hivyo mpaka niliposoma habari za Mahale.

Ukitoka kwetu Rukwa ukaelekea kaskazini-magharibi unafika Ziwa Tanganyika, na kwenye ufuko wake wa mashariki, kusini ya Kigoma, ipo milima ya Mahale, nchi ya Watongwe. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1965, na mwaka 1985 ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwezi Novemba 1987, Mmarekani Michael Huffman alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mfanyakazi wa hifadhi na mjuzi wa dawa za kwao. Walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa: mlegevu, analala mchana, choo na mkojo wake si vya kawaida. Chausiku alikiendea kichaka kimoja, akavunja tawi changa, akalimenya ganda na majani akavitupa, akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu.

Huffman aliuliza mti ule ni nini. Kalunde alimwambia kwamba Watongwe huuita mjonso, na kwamba kwao ni dawa kali ya tumbo na minyoo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amepata nguvu, anakula. Sokwe mmoja aliyepona hatoshi kuwa ushahidi, nao walilijua hilo, kwa hiyo waliendelea kuhesabu. Mwaka 1991 walimwona jike mwingine akifanya vivyo hivyo. Mayai ya minyoo katika kinyesi chake yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu katika muda wa saa 20. Nao wakemia wa Kyoto walipoupima mti huo, walieleza kwamba majani na ganda, yaani vile sokwe anavyovitupa, ndivyo vyenye wingi wa kitu chenye sumu zaidi. Kumbe sokwe naye, kama bibi yangu, ana mashudu yake ya kufukia.

Lakini lililonigeuza mawazo ni jambo la pili la Mahale. Sokwe wa huko, na wa Gombe pia, huonekana asubuhi kabla hawajala kitu, wakichuma majani fulani ya kukwaruza kama msasa. Hawayatafuni. Hulikunja jani kwa ulimi na kulimeza zima, moja baada ya jingine, na baadaye hutoka nalo zima kinyesini. Richard Wrangham na Nishida waliandika habari hizo mwaka 1983. Wataalamu walidhani jani lile lina sumu ya kuua minyoo, na mwaka 1985 ilitangazwa kwamba kemikali yenye nguvu hizo imepatikana katika mmea mmojawapo, Aspilia. Waliofuata walipima majani tena, wasiione. Tena sokwe wa sehemu mbalimbali za Afrika walionekana wakimeza majani ya mimea zaidi ya 30, isiyo na undugu wala kemikali ya pamoja. Kilichofanana ni kimoja tu: yote yanakwaruza.

Hapo ndipo Huffman na wenzake walipoyageuza mawazo yao. Mwaka 1996 walieleza kwamba minyoo ya vinundu hutoka pamoja na majani hayo ikiwa hai, inapinda na kujinyonga, wala haijauawa na sumu yoyote. Mwaka 2001 Huffman na Judith Caton waliandika jinsi inavyotokea. Jani zima la kukwaruza, likiingia katika tumbo tupu, huusumbua utumbo nao hulisukuma kwa haraka. Chakula cha kawaida hukaa humo takribani siku nzima, lakini majani yale yalionekana kutoka baada ya saa 6 hivi. Minyoo iliyolegea hufagiliwa nje. Jambo hili huonekana zaidi mvua zinapoanza, msimu ambao maambukizo ya minyoo hiyo huongezeka.

Tafakari msomaji. Chukua jani lilelile, likaushe, lisage, litie katika chupa, umpe sokwe. Hakuna kitakachotokea. Dawa haikuwa ndani ya jani kama mafuta yalivyo ndani ya mbegu. Ilikuwa katika kumeza bila kutafuna, alfajiri, na tumbo likiwa halina kitu. Mtaalamu aliyesaga jani ili aitafute dawa aliiharibu dawa kwa kusaga.

Watongwe wenyewe wana kisa kingine, alichokisimulia Kalunde na Huffman akakiandika. Babu yake Kalunde alikuwa mganga. Aliwahi kumlea mtoto wa nungunungu ambaye mama yake aliuawa. Mtoto yule akapatwa na tumbo la kuhara damu. Alitoka akaenda porini, akachimba mzizi wa mulengelele, mmea ambao wanakijiji waliuogopa kwa sumu yake, akala, akapona. Baadaye kijiji kilipopatwa na maradhi ya kuhara damu yaliyoua watu, babu huyo aliwaeleza watu alichokiona. Hawakukubali mpaka alipokula kidogo mwenyewe mbele yao. Ndipo wagonjwa walipopewa, na mulengelele ukaingia katika dawa za Watongwe.

Napenda kisa hiki kwa sababu kina kila kitu ambacho maabara inadai. Kuna mnyama mgonjwa, kuna dalili zinazofanana na za binadamu, kuna kipimo kidogo cha kwanza, na kuna mtu aliyekubali kujijaribia mwenyewe kabla ya kumjaribia mwenzake. Hakuna kalamu tu.

Sasa niseme kwa nini mambo haya yananikosesha usingizi. Serikali yetu haikuyapuuza. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Mwaka 2002 Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23, iliyounda Baraza la kuwasimamia waganga. Ni hatua za kushukuriwa. Lakini nenda stendi ya Tunduma siku yoyote, pale malori ya Zambia yanapojipanga. Utaona chupa na vifurushi vya unga vilivyoandikwa kwamba husafisha tumbo, huondoa gesi, hutibu kufunga choo, hutibu kuhara, na juu yake huongeza nguvu za kiume. Dawa moja inasukuma na kutuliza kwa pamoja! Muuzaji hakuulizi umekwenda choo lini. Hakuulizi kama wewe ni mjamzito. Anachouliza ni kama una noti ndogo.

Nilimwona jirani yangu mmoja akinywa kifurushi cha namna hiyo kwa siku 2 mfululizo kwa kuwa tumbo limefunga na kuvimba. Hakuna aliyemuuliza kama hata upepo unapita. Alipofikishwa hospitali ilibainika kwamba utumbo wake ulikuwa umejisokota. Utumbo uliosokotwa ukiusukuma kwa dawa, ni sawa na kulisukuma gari lililoegemea ukuta. Kitakachopasuka si ukuta. Walimpasua wakamwokoa, lakini walimkata sehemu ya utumbo. Mzee wangu wa ng'ombe angemwekea sikio tumboni, angemuuliza maswali yake manne, na naamini angemwambia watu wake watafute gari usiku uleule.

Wapo wanaosema tuandike majina ya miti yetu kabla wazee hawajaisha. Nakubaliana nao, tena tuharakishe. Bibi yangu amekwisha kutangulia, na mzee yule pia. Lakini vitabu vingi vya dawa nilivyovisoma vina safu mbili: jina la mti, na jina la ugonjwa. Kwa hesabu hiyo bibi angeandikwa "mbarika, kufunga choo", na mashudu yake yangesahauliwa. Mzee angeandikwa mzizi fulani wa ng'ombe, na sikio lake lisingeandikwa popote. Sokwe angeandikwa jani, na alfajiri ikaachwa nje.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wanaokwenda kwa wazee na madaftari ni hili. Ukiambiwa jina la mti, usifunge daftari. Uliza sehemu gani ya mti hutupwa, na hutupwa wapi. Uliza nani hapewi, hata akilia. Uliza dawa inatolewa saa ngapi, na mgonjwa awe amekula au hajala. Uliza mzee huangalia nini kabla hajaunyoosha mkono kwenye mfuko wake. Na zaidi ya yote uliza ni siku gani alikataa kutoa dawa, na kwa nini. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyochukua mamia ya miaka, matumbo ya wanyama wasiohesabika, na pengine makaburi kadhaa ya watu. Mti wenyewe utaendelea kuota kando ya zizi, uandikwe usiandikwe.